Mkono Kwanza, Plagini Baadaye: Kumiksi Nyimbo za Mara kwa Kompyuta

Wimbo wa litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya wa Mara, haukai mahali pamoja. Mpigaji huanza taratibu, nyuzi za chini zikinguruma peke yake. Mwimbaji huingia kwa maneno yanayokwenda mbio, karibu na kusema kuliko kuimba. Waitikiaji hujibu, njuga zikapokea, na mara vigelegele vikapasua juu ya kila kitu. Sehemu ya chini kabisa ya wimbo na ile ya juu kabisa zinaweza kupishana kwa desibeli 20 au zaidi. Prodyuza anayeupanga wimbo huo kwenye kompyuta, akaweka kila fada mahali pake mara moja na kuiacha hapo hadi mwisho, ameshaamua, hata kama hakukusudia, kwamba sehemu fulani ya wimbo haitasikika.

Kwa kwaya ni vivyo hivyo, na Mara ni mkoa wa kwaya. Kanisa la Mennonite lilianza kazi Shirati mwaka 1934. Waadventista, Wakatoliki na Africa Inland Church (AIC) nao wana waimbaji wao kuanzia Musoma mjini hadi vijiji vya Bunda na Butiama. Mtunzi anaimba ubeti peke yake kwa sauti ya upole, kisha watu thelathini wanampokea kwa pamoja. Ukipanga sauti ili ubeti usikike, kiitikio kinapasua spika. Ukipanga ili kiitikio kitulie, mtunzi anazama.

Mafundi wengi chipukizi, wakikutana na tatizo hili, hukimbilia plagini. Wanaongeza kompresa, haitoshi. Wanaongeza ya pili, kisha limita, kisha rivebu ya kuficha ubaya uliotokea. Mwishowe wimbo unakuwa mkubwa mwanzo hadi mwisho na hauna pumzi. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: sogeza sauti kwa mkono kwanza, neno kwa neno na sehemu kwa sehemu, halafu ndipo uite plagini, na plagini nazo zisogezwe, ziingie zinapohitajika na kutoka zinapomaliza kazi. Kazi hiyo ya kuiagiza programu ikumbuke kila mwendo wa fada na kitufe ndiyo inayoitwa otomesheni, au kutomesha.

Si jambo jipya. Enzi ambazo Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa mlango mkuu wa kurekodi kwa bendi za nchi hii, miksi ilifanyika papo hapo: bendi inapiga, tepu inazunguka, fundi mitambo ana mikono yake kwenye meza. Zamu ya gitaa la solo ikifika, alilipandisha. Mwimbaji akirudi, alilishusha. Akikosea, wimbo unaanza upya. Miaka ya 1970 kampuni ya Neve ya Uingereza ilitoa mfumo ulioitwa NECAM, uliokumbuka mwendo wa fada na kuzisogeza wenyewe kwa mota. Ulikuwa mtambo wa studio tajiri. Leo uwezo huo umo ndani ya kila programu ya kutengenezea muziki, hata ile inayokaa kwenye laptopu ya mitumba katika chumba kimoja cha Kitaji au Nyasho.

Programu na bei yake

Vijana wengi wa Tanzania wamejifunzia FL Studio, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, ambayo hapo zamani iliitwa FruityLoops. Ina sifa moja kubwa: aliyeinunua mara moja hupewa matoleo mapya bure maisha yake yote. Toleo lake la majaribio linafanya karibu kila kitu, ila mradi uliouhifadhi humo hautafunguka tena mpaka ulipe. Toleo la bei ya chini kabisa halirekodi sauti ya maiki. Anayerekodi waimbaji anahitaji lile la Producer.

Kwa kazi ya kwaya na ala za asili, ambako kila kitu kinatoka kwenye maiki, REAPER ya kampuni ya Cockos inafaa zaidi. Ni nyepesi, inakwenda hata kwenye kompyuta dhaifu, inajaribiwa siku 60 bila kufungwa chochote, na leseni yake ya punguzo kwa mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Inakuja na plagini zake: ReaEQ, ReaComp, ReaDelay, ReaVerbate na nyingine. Hazina picha za kuvutia, lakini kazi zinafanya, na hakuna lolote katika makala haya linalohitaji zaidi ya hizo.

Neno kuhusu plagini za wizi zinazosambazwa kwa flashi: mbali na kwamba ni jasho la mtu, zinaleta virusi, zinaganda katikati ya kazi, na mradi uliofunguliwa nazo mwaka huu unaweza kukataa kufunguka mwakani, kwaya inaporudi kutaka wimbo wake urekebishwe. Kuna plagini nyingi halali za bure. Zinatosha kwa miaka mingi ya kujifunza.

Miksi isiyosogea

Kabla ya otomesheni, panga miksi ya kawaida. Shusha fada zote. Pandisha kwanza sauti ya mwimbaji kiongozi, kisha kile kinachobeba wimbo, iwe litungu, kinanda au ngoma, halafu vingine kimoja baada ya kingine. Kila treki icheze wastani wa desibeli 18 chini ya sifuri, na treki kuu isivuke 6 chini ya sifuri hata kwenye vilele. Nafasi hiyo inayobaki juu ndiyo itakayopokea vigelegele na kiitikio.

Safisha pia. Kata kimya pale ambapo mtu haimbi, hasa kama studio ina paa la bati lisilo na dari. Jogoo, bodaboda na matone ya mvua yaliyoingia kwenye maiki sita kwa pamoja yanajumlishana. Lakini usikate hadi pumzi ya mwimbaji: pumzi iliyonyofolewa inasikika kama kosa zaidi kuliko ile iliyoachwa. Ishushe desibeli 6 au 8, inatosha.

Mstari mmoja wa wimbo

Sasa sauti. Chukua mstari wa kwaya wa kawaida kabisa, tuseme mwimbaji anasema: tunakushukuru kwa mvua. Sikiliza mara nne, ukiangalia si mita bali maneno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "ku" ya kushukuru hutoka vizuri, "ru" inafifia, na "mvua" ikianza na midomo iliyofungwa huingia kama mtu anayechungulia mlangoni. Mwanzo nako "tu" imeshazimwa na kinanda. Msikilizaji wa redio anabaki na "nakushukuru".

Hapo ndipo kazi ya mkono inapolipa. Katika Kiswahili mzigo mkubwa wa maana umekaa kwenye silabi ya kwanza ya kitenzi, ile ambayo mwimbaji huipita haraka. Alinipenda na ulinipenda zinatofautiana kwa irabu moja isiyo na mkazo. Hakuja, ikipoteza sauti yake ya mwanzo, haieleweki. Kompresa haijui jambo hilo. Yenyewe inaona tu kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo. Fundi anayejua lugha anapandisha "tu" kwa desibeli 2, anaacha katikati ilivyo, anapandisha "mvua" kwa 3, na mstari mzima unasimama bila plagini hata moja.

Kwenye REAPER, chagua treki ya sauti kisha bonyeza V. Mstari wa sauti unatokea. Shikilia Shift na kubofya ili kuweka nukta, mbili kabla ya neno na mbili baada yake, kisha ivute sehemu ya kati juu au chini. Kwenye FL Studio, bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi juu ya fada au kitufe chochote, chagua Create automation clip, na kipande kipya kitajitokeza kwenye orodha ya wimbo. Ndani yake bofya tena kulia kuongeza nukta. Mabadiliko ya desibeli 1 hadi 3 hayaonekani kama mabadiliko, yanasikika kama uimbaji mzuri. Ukijikuta unapandisha neno kwa 8, afadhali lirekodiwe upya.

Wapo wanaopenda kusogeza fada kwa mausi huku wimbo ukicheza, na kwa ubeti mrefu njia hiyo ina uhai zaidi kuliko nukta. Hapo ni lazima kuzijua hali za otomesheni. Touch huandika wakati umeshika fada tu. Ukiachia, inarudi ilikokuwa. Latch huendelea kushikilia pale ulipoachia hadi usimamishe wimbo. Write hufuta kila kitu tangu unapoanza kucheza na kuandika upya, na imeshaharibu kazi za saa nyingi za mafundi waliosahau kuizima. Anayeanza akae kwenye Touch, na akimaliza airudishe treki kwenye Read, inayosoma tu bila kuandika.

Kabla ya kompresa au baada?

Swali hili huwachanganya wengi, kwa sababu jibu linabadilisha kila kitu. Fada ya kawaida ya treki, kwenye REAPER na kwenye FL Studio, hukaa baada ya plagini. Ukipandisha neno dogo kwa fada hiyo, kompresa haina habari. Neno linapanda tu. Lakini ukisawazisha maneno kabla ya kompresa, yenyewe inapokea sauti iliyotulia na haihangaiki, haivuti pumzi juu wala kubana neno moja kwa nguvu na jingine kidogo.

Njia bora ni kufanya mara mbili. Kwanza, kabla ya plagini, sawazisha maneno. Kwenye REAPER tumia mstari wa sauti ulioandikwa Pre-FX. Kwenye FL Studio weka Fruity Balance katika nafasi ya kwanza kati ya zile 10 za treki ya mikisa na kuitomesha hiyo badala ya fada. Pili, baada ya plagini zote, tumia fada ya kawaida kwa miondoko mikubwa: ubeti chini kidogo, kiitikio juu, daraja la wimbo chini tena. Ukizitenganisha kazi hizi mbili, kurekebisha moja hakuvurugi nyingine.

Plagini zenyewe

Sauti ya mwimbaji ianze na ikwalaiza. Kata chini ya hezi 80 kwa mwanamume na 100 kwa mwanamke. Hakuna uimbaji huko, kuna mtikisiko wa sakafu na upepo. Ukungu unaoifanya sauti ionekane imefunikwa na blanketi hukaa kati ya hezi 200 na 400. Punguza desibeli 2 au 3. Uwazi wa maneno uko kati ya kilohezi 2 na 5. Kompresa ifuate kwa uwiano wa 3 kwa 1, ikipunguza desibeli 3 hadi 6 kwenye maneno makubwa na kupumzika kwenye madogo.

Litungu linahitaji subira zaidi. Ala hii ya nyuzi nane ina mambo mawili kwa wakati mmoja: mdundo wa kidole kwenye uzi, na mngurumo unaobaki baada yake. Kompresa inayowahi sana inakata kidole na kuacha mngurumo. Litungu linakuwa tope. Iache ichelewe milisekunde 30, mdundo upite, ndipo ibane. Mngurumo nao usifutwe kwa ikwalaiza ati kwa sababu unafanana na kelele. Ndani yake mna sauti za juu ambazo spika ndogo ya simu inaweza kuzitoa, ilhali uzi wenyewe wa chini hauwezi kutoka humo. Ukiufuta, msikilizaji wa simu hatajua kama kuna litungu. Wakati mwimbaji ananyamaza na litungu linabaki peke yake, pandisha mngurumo huo: tomesha ikwalaiza, hezi 700 hadi 1,500, desibeli 2 juu, kisha irudi chini neno la kwanza la ubeti linapoingia.

Nyatiti ya Wajaluo wa Rorya, nayo ya nyuzi nane, ina shida ya upande wa pili: chuma cha mguuni kinachogonga ubao wa ala hiyo kwa kila mdundo. Kikiwa kwenye maiki moja na nyuzi, hakuna plagini itakayovitenganisha. Maiki ya pili karibu na mguu ndiyo dawa.

Vigelegele havitibiwi kwa kompresa. Vinakaa pale pale kwenye uwazi wa maneno, na kompresa ikivibana inabana na mwimbaji aliye chini yake. Viwekwe kwenye treki yake, kisha fada ishuke desibeli 4 kila vinapopishana na neno na kupanda vinapobaki peke yake. Ni kazi ya dakika tano kwa wimbo mzima.

Rivebu na dilei zinazoondoka

Rivebu isiwekwe juu ya kila treki. Ifungulie treki yake moja, na kila sauti itume kiasi chake huko. Mkia wa sekunde 1.5 unatosha kwa kwaya. Uchelewe milisekunde 20 hadi 40 kabla ya kuanza ili konsonanti zipite safi. Ikate rivebu yenyewe chini ya hezi 200, la sivyo kila wimbo utaonekana umerekodiwa kwenye tangi la maji.

Kosa la kawaida ni kuiacha rivebu katika kiasi kimoja wimbo mzima. Ubeti una maneno mengi, kwa hiyo uwe mkavu. Kiitikio kina maneno machache na watu wengi, kwa hiyo kipate nafasi. Tomesha kile kinachotumwa: ubeti desibeli 4 chini kuliko kiitikio. Msikilizaji atahisi kwaya imepanuka bila kujua kilichofanyika, na fada kuu haijaguswa. Kwenye REAPER mistari ya kutuma hupatikana kwa kubofya kitufe cha otomesheni cha treki. Kwa kitufe cha plagini yoyote, kiguse kwanza, kisha bofya Param juu ya dirisha la plagini na uchague Show track envelope.

Dilei ni tamu zaidi inapotupwa kwenye neno moja. Katika wimbo wenye mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, gawanya 60,000 kwa 96: pigo moja ni milisekunde 625. Weka dilei hapo, ziba kabisa kile kinachotumwa, kisha kifungue kwenye neno la mwisho la ubeti peke yake na kukifunga tena. Neno linajirudia kwenye ukimya ule ambao mtunzi anavuta pumzi. Wimbo wa bongo fleva unaweza kubeba mitupo minne au mitano ya namna hiyo. Wimbo wa maombolezo, mmoja, na mara nyingi hata huo hauhitajiki.

Auto-Tune nayo inasogea. Plagini hiyo ilitolewa na Antares mwaka 1997, kazi ya Andy Hildebrand, aliyekuwa ametumia hesabu za mawimbi katika utafutaji wa mafuta, na mwaka uliofuata wimbo "Believe" wa Cher uliifanya ijulikane dunia nzima. Kwenye kiitikio cha bongo fleva inafaa ikiwa kali. Kwenye ubeti wa Kikurya ni hatari. Kikurya ni lugha ya toni; kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, na mwimbaji wa litungu huteleza kati ya noti kwa makusudi, akifuata nyuzi ambazo hazikufungwa kwa kufuata kinanda. Plagini iliyowekwa kwenye skeli ya kinanda itamvuta kila mahali kuelekea noti ambayo litungu halinayo. Tomesha kitufe cha kuizima: iwake kwenye kiitikio kama kuna kinanda, izime kwenye simulizi. Kama hakuna kinanda kabisa, isifunguliwe.

Redio, hotuba na tangazo

Si kila kazi ya studio ni wimbo. Victoria FM ya Musoma na Mazingira FM ya Bunda zinahitaji matangazo, vipindi na viashiria, na kijana anayejua otomesheni ana kazi hapo. Muziki unaokaa chini ya msemaji ushuke desibeli 12 hadi 15, uanze kushuka nusu sekunde kabla hajafungua mdomo, na upande taratibu kwa sekunde nzima anapomaliza. Kompresa inaweza kufanya hivyo yenyewe kwa kusikiliza sauti ya msemaji, lakini hupanda na kushuka kwa kila kituo anachoweka, na muziki ukawa unapumua nyuma yake. Nukta nne za mkono zinashinda.

Kanuni hiyo hiyo ni kwa nyimbo zinazoingiza hotuba za zamani za Mwalimu Nyerere, jambo linalopendwa hasa karibu na Oktoba 14, siku ya kumkumbuka. Sauti ya hotuba ya zamani imejaa mkwaruzo wa juu na haina besi. Usiilazimishe ing'ae. Fungua nafasi: shusha kinanda na gitaa kati ya hezi 500 na kilohezi 3 wakati wa hotuba tu, acha ngoma na besi ziendelee. Wimbo haupotezi mwendo, na kila neno linafika.

Kwa redio, chunga pia "s" na "sh". Mitambo ya FM hukuza sauti za juu kabla ya kuzirusha, na mluzi ambao studioni ulivumilika unaamsha limita za kituo na kushusha wimbo mzima kwa kufumba na kufumbua. Punguza kati ya kilohezi 5 na 8, au ushushe kila "s" kali kwa mkono kabla ya kompresa.

Chumba, umeme, masikio

Chumba chenye kuta mbili zilizoachana mita 3 huvimbisha besi karibu na hezi 57, na kwingine kuifuta kabisa, kutegemea ulipokaa. Fundi anayemiksi humo kwa spika kubwa anadanganywa kila siku. Sogea mbele na nyuma ukisikiliza, tafuta mahali ambapo besi haibadiliki sana, na maamuzi ya chini yathibitishwe kwa hedifoni. Otomesheni ya sauti ifanywe kwa sauti ndogo, ile ambayo mtu wa pembeni anaweza kuongea bila kupaza. Neno linalopotea hapo litapotea pia kwenye daladala.

Kisha sikiliza mahali watu wanaposikilizia: simu, sabufa ya sebuleni, spika ya bluetooth inayojumlisha kushoto na kulia kuwa moja. Plagini za kutanua sauti mara nyingi hufuta kwaya kwenye spika ya namna hiyo. Bonyeza mono kwenye treki kuu. Kama sauti ya pili imetoweka, ondoa plagini ya kutanua na uwapange waimbaji kushoto na kulia kwa kitufe cha pan.

Kuhusu kompyuta: wakati wa kurekodi weka bafa ya sampuli 128, takriban milisekunde 3, mwimbaji asijisikie akichelewa. Wakati wa kumiksi ipandishe hadi 1,024. Treki iliyojaa plagini igandishwe ili prosesa ipumue. Umeme wa Musoma nao haupigi hodi kabla ya kukatika. Weka programu ijihifadhi kila dakika tano, na hifadhi kwa jina jipya kila unapoanza hatua mpya: sauti, ala, rivebu, mwisho.

Kutoa wimbo

Limita ikae mwisho kabisa, vilele visivuke desibeli 1 chini ya sifuri. YouTube na Spotify hushusha nyimbo zilizozidi takriban LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kwa hiyo kuubana wimbo zaidi ya hapo kwa ajili ya mitandao hiyo ni kupoteza pumzi bure. Kiitikio kinaweza kupandishwa nusu desibeli kwenye treki kuu, kabla ya limita, na kushushwa ubeti unaporudi.

Toa faili la WAV la biti 24, kisha MP3 kwa ajili ya simu. Toa pia toleo lenye sauti ya mwimbaji desibeli 1 juu, kwa sababu mtunzi akishausikiliza nyumbani karibu kila mara ataomba hilo. Na kwa kwaya inayoimba jukwaani juu ya muziki uliorekodiwa, toa toleo lisilo na sauti, lakini usizime otomesheni ya ala. Kinanda kilichoshushwa kwenye ubeti kibaki kimeshushwa: jukwaani mtunzi bado ataimba, kwa maiki ya ukumbi na spika ambazo fundi wa studio hazijui, na atahitaji nafasi hiyo hiyo. Zima tu mitupo ya dilei iliyobaki ikining'inia bila neno lake, na uache mapigo manne ya kuhesabia mwanzoni ili waimbaji waanze pamoja.